Somo: Geko wako mgeni amegoma kula

Wengi mnaniuliza chakula gani kitamfungua kinywa geko, yaani mjusi wa kufuga, aliyefika juzi. Mimi huanza na maswali mawili: sakafu ya pango lake, yaani kificho chake ndani ya tangi, ina joto kiasi gani, na leo umemfunua mara ngapi? Mara nyingi jibu limo humo.

Hapa nazungumzia geko chui, yule wa madoadoa, ambaye asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ni jamaa wa mbali wa mjusi kafiri wa ukutani, ila huyu ana kope na vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi kioo.

Hatua ya 1: Nyumba iwe tayari kabla hajafika

Washa joto siku moja au mbili mapema. Upande mmoja wa tangi sakafu iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili 24 hadi 26, achague mwenyewe. Mkeka wa joto lazima uwe na themostati, yaani kifaa cha kuzuia joto lisizidi, la sivyo unaweza kumuunguza tumbo. Weka mapango matatu: la joto, la baridi, na moja lenye karatasi mbichi ndani, la kujivulia gamba. Chini tandika karatasi za jikoni tu. Mchanga unapendeza kwenye picha, lakini akiumeza pamoja na funza unaweza kumziba utumbo, na juu ya karatasi utaona choo chake vizuri.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Geko wangu wa kwanza alikaa siku tisa bila kula. Nikabadilisha wadudu, nikabadilisha sahani, nikamfunua kila saa kumwangalia. Kipimajoto nilikuwa nimekibandika kwenye kioo, karibu na taa, kinasoma 31, nami nimeridhika. Siku ya kumi nikaingiza waya wa kipimajoto cha dijitali ndani ya pango, pale anapolaza tumbo: 25! Bila joto la tumbo chakula hakisagiki, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Nikarekebisha, nikaacha kumsumbua. Jioni ya tatu nikamwekea funza mmoja. Alichungulia, akanyanyua shingo, ncha ya mkia ikaanza kutetemeka polepole kama ya paka anayenyemelea, kisha kap! Nilishindwa hata kupumua.

Hatua ya 2: Mwache

Wiki ya kwanza usimshike. Funika kioo pande tatu, badilisha maji kila siku, basi. Usigonge kioo, usiinue pango “kuhakikisha yuko hai”. Akiogopa sana hukata mkia, na mkia ndiyo ghala yake ya mafuta. Utaota mwingine, lakini butu.

Hatua ya 3: Mkaribishe mezani

Anza siku ya pili au ya tatu, jioni, mwanga ukiwa umefifia, maana hapo ndipo anapoamka. Muulize aliyekuwa naye alikuwa anamlisha nini, uanze na hicho hicho. Nyenje, mende wa kufuga na funza wa unga wote wanafaa, mradi mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya geko. Washibishe wadudu wenyewe siku moja kabla, uwapake unga wa kalsiamu, kisha weka wawili au watatu. Waliobaki watoe kabla hujalala. Nyenje mwenye njaa humtafuna geko usiku. Wadudu wa kuokota nje achana nao, huenda wamepuliziwa dawa. Kimulimuli ndiye usimkaribishe kabisa: ana sumu inayoua mijusi.

Hatua ya 4: Amini mizani

Wiki ya kwanza ikiisha, mwache aingie mwenyewe kwenye kopo, umpime kwa mizani ya jikoni. Rudia kila wiki, na uandike.

Maswali

Mkuu, wangu ni mkubwa, siku ya 12 hajagusa kitu. Mkia bado mnene. Nimfungue mdomo kwa kibano?

Hapana, ndugu yangu. Mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili na zaidi bila kudhurika. Pima joto la sakafu, endelea kumjaribu kila baada ya siku mbili tatu. Angekuwa mtoto, ningekwambia usingoje zaidi ya wiki.

Wangu amepauka, kama kapakwa unga, na chakula anakikwepa. Anaumwa?

Anajivua gamba tu, na hilo gamba atalila. Lowesha karatasi ya pango la unyevu. Akimaliza kagua vidole. Ngozi ikibaki pale huvikaba hadi vikafa.

Nimechukua wawili wasiwe wapweke. Mmoja anakula, mwingine kajibanza pembeni.

Watenganishe leo hii, dada. Upweke hawaujui hao. Huyo aliyejibanza anatishwa, hata kama hujaona ugomvi.

Nimefuata joto lako, wangu kaachama mdomo tu. Ni geko mwenye kishungi.

Zima! Huyo ni wa New Caledonia, anataka nyuzi 22 hadi 26, na ukipita 28 unamweka hatarini. Chakula chake kikuu ni unga maalumu wa matunda unaokorogwa na maji, na jioni mnyunyizie tangi. Mkia wake ukikatika hauoti tena.

Mkia umekonda kama kijiti, anaharisha, ingawa anakula vizuri.

Hapa usisubiri. Peleka choo kibichi pamoja na mnyama kwa daktari anayejua mijusi, uombe kipimo cha vimelea, hasa kriptosporidia, vimelea vidogo sana vya utumbo. Vyombo vyake usivichanganye na vya geko mwingine, na mikono osha kwa sabuni kila unapomgusa.