Kupanga Pini za Upinde kwa Mawindo ya Umbali Usiojulikana

Mazoezini mlengaji hupiga shabaha ambayo umbali wake umekwisha kupimwa, lakini porini mnyama hutokea atakapo, na mara nyingi hakuna nafasi ya kutoa kipima umbali mfukoni. Ndiyo maana upinde wa kapi (wenye magurudumu kwenye ncha zake) unaokusudiwa kuwindia hupangwa kwa namna itakayompunguzia mwindaji maamuzi. Pini ni vijiti vidogo vya kulengea, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ndani ya duara la kifaa kinachofungwa kwenye upinde, kila kimoja kwa umbali wake. Binafsi hupendelea pini tatu zisizosogezwa wakati wa kuwinda: ya mita 20, ya 30 na ya 40. Pini tano hujazana ndani ya duara la kulengea, na katika mwanga hafifu wa alfajiri ni rahisi kutumia ya tatu ukidhani ni ya pili. Pini moja ya kusogeza nayo ni sahihi sana, mpaka mnyama apige hatua kumi baada ya wewe kuitega.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, hakikisha kwamba mkono unatua mahali palepale shavuni kila unapovuta upote (kamba ya upinde), kwamba duara linakaa katikati ya tundu la kuchungulia lililo kwenye upote, na kwamba kiputo cha pimamaji cha kifaa cha kulengea kimetulia katikati. Tumia mishale ileile utakayowindia, yenye uzito uleule, kwa kuwa mshale mwepesi wa mazoezi utakupa pini ambazo hazitakufaa mawindoni.

Anza na pini ya juu. Piga kwanza ukiwa mita 10 ili usipoteze mishale, kisha rudi mita 20, piga mitatu na utazame katikati ya kundi lake, si mshale mmoja uliopotoka. Kanuni ni kwamba pini humfuata mshale. Ikiwa mishale imetua chini ya alama, shusha pini, kwa sababu pini iliyoshuka hukulazimisha kuinua upinde ili uilete kwenye alama. Ikiwa imetua kushoto, sogeza kifaa kizima cha kulengea kushoto. Suala la kushoto na kulia limalizwe hapa, kisha pini za 30 na 40 zipandishwe na kushushwa tu.

Ukimaliza, tazama nafasi zilizo kati ya pini. Nafasi ya chini inapaswa kuwa kubwa kidogo kuliko ya juu. Ikiwa ni kinyume, kuna pini uliyoipanga ukiwa umechoka, na ni heri kuirudia siku nyingine. Mwisho funga vyembe vya kuwindia na upige tena, maana vyembe vipana hushika hewa na vinaweza kutua kwingine.

Sasa tuje kwenye umbali wenyewe. Chukua mshale unaokwenda mita 80 kwa sekunde. Kati ya mita 10 na 20, pini ya juu itakupotosha kama sentimita 3 tu, kwa hiyo humo ndani usihangaike kukadiria. Mnyama akiwa mita 25 nawe ukatumia pini ya 20, mshale utashuka takriban sentimita 7 chini ya ulipolenga. Kosa hilohilo la mita 5, ukitumia pini ya 40 kwa mnyama aliye mita 45, hukugharimu takriban sentimita 16, na hapo mshale unaweza kupita chini ya kifua au, vibaya zaidi, kuvunja mguu. Kwa umbali wa kati, kama mita 35, lenga ili mahali unapotaka kupiga paonekane katikati ya pini mbili, badala ya kuchagua moja.

Pini zenyewe zinaweza kukusaidia kupima. Kata boksi lenye kimo cha kifua cha mnyama unayemwinda, lisimamishe mita 20, 30 na 40, kisha vuta upinde na uandike jinsi boksi linavyojaza nafasi kati ya pini kila mara. Baada ya siku chache jicho hukumbuka bila karatasi. Matembezini nako, kadiria umbali wa mti, kisha uupime; utagundua kwamba kitu kilicho kivulini huonekana kiko mbali kuliko kilivyo.

Ukipiga kutoka juu ya mti au mteremko, hesabu umbali wa mlalo, si wa mstari wa jicho. Mita 30 kwa pembe ya nyuzi 30 hupigwa kama mita 26.

Jambo la mwisho ni mpaka. Sauti ya upote humfikia mnyama aliye mita 30 kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali mshale huchukua karibu mara nne ya muda huo, na mnyama aliyeshtuka huwa amekwisha kujiinamisha. Kwa hiyo pini ya 40 naitumia tu pale nilipoupima umbali mapema na mnyama ametulia akila. Umbali ukiwa wa kukisia, hukomea 30, na mnyama aliye mbele ya hapo humwacha apite.