Muziki kwenye meza ya fundi: lini uwashe, lini uzime

Mimi ni fundi cherehani, na kwenye fremu yangu redio haikosekani. Ila kuna suruali moja ya suti ilinitia adabu. Futi ilisoma 42. Kufika kwenye daftari mdomo uko kwenye kiitikio, nikaandika 40. Inchi 2 hizo nilizilipa kwa kitambaa kipya. Tangu hapo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tenga kazi. Kupima, kuchora, kukata na kupiga hesabu za wateja ni kazi za kichwa. Kupinda, ovaloki, vifungo na pasi ni za mikono.

Hatua ya 2: Kazi ya kichwa, zima kabisa. Ukishika namba kichwani, unaitamka kimoyomoyo, na maneno ya wimbo yanapita njia hiyohiyo. Watafiti wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1970: mtu akikariri tarakimu kwa mpangilio huku anasikia maneno, hukosea zaidi, hata yakiwa ya lugha asiyoijua. Kwa hiyo usijitetee kwamba Kilingala hukielewi.

Hatua ya 3: Kazi ya mikono, washa. Sketi 30 za sare, pindo lilelile: hapo akili huchoka kabla ya mkono. Waingereza walilijua hilo wakati wa vita. Juni 1940 BBC ilianza kuwapigia wafanyakazi wa viwandani muziki mara mbili kwa siku, na kipindi kikadumu hadi 1967. Mimi hupiga sebene. Tahadhari tu: sebene huukimbiza mguu kwenye pedeli. Mshono mnyoofu hauna neno, lakini ukifika kwenye zipu, kola au shifoni, hamia bashraf, ile ya taarabu isiyo na mwimbaji. Udi na fidla havikusukumi.

Hatua ya 4: Panga nyimbo asubuhi. Saa nzima, mfululizo, kisha simu iende kwenye droo. Kinachokula muda si wimbo, ni kutafuta wimbo. Unafungua simu kuruka mmoja, unajikuta unajibu meseji za kikundi cha harusi.

Hatua ya 5: Sikia cherehani. Sindano ikipinda au uzi ukikaza, mlio hubadilika kabla kitambaa hakijaharibika. Kama huusikii, punguza. Ukivaa spika za masikioni, vaa moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na fundi wa msimu wa Idi anazimaliza saa hizo Alhamisi.

Hatua ya 6: Jipime. Siku mbili za kazi ileile, moja na muziki, moja bila. Andika vipande ulivyomaliza, na pembeni yake andika ulivyofumua. Safu hii ya pili ndiyo nilikuwa siiandiki.