Malignanti haipathemia kwa mtoto: hatua kwa hatua kwa mtoa usingizi

Malignanti haipathemia (malignant hyperthermia), yaani misuli kukakamaa na joto la mwili kupanda vibaya kutokana na dawa za usingizi, ni tatizo la nadra, ndiyo maana hutukuta hatujajiandaa. Mtoto aliyerithi kasoro, mara nyingi kwenye jeni iitwayo RYR1, huonekana mzima kabisa hadi avute dawa za usingizi kama halotheni, isofluraini au sevofluraini, au achomwe suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Kalsiamu hufurika ndani ya misuli, nayo hukakamaa na kuchoma nishati mfululizo.

1. Uliza kabla ya kumlaza. Usiishie kwenye mzio. Muulize mama, na baba pia: kuna ndugu aliyefia chumba cha upasuaji, au aliyepandisha joto kali kwenye usingizi wa dawa? Huko Melbourne, kijana aliyevunjika mguu aliwaeleza madaktari kwamba ndugu zake kumi walifariki kwa usingizi wa etha, dawa ya zamani ya kuvuta. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1960, na ndicho kilichotufumbua macho. Jibu likiwa "ndiyo", tumia ketamini, propofoli au ganzi. Ketamini tunayo karibu kila kituo, nayo ni salama hapa.

2. Usisubiri joto. Joto mara nyingi huchelewa. Kinachotangulia ni kaboni dayoksaidi ya pumzi kupanda hata ukiongeza upumuaji, moyo kwenda mbio bila sababu, na taya kukaza hadi mdomo haufunguki. Huna kapnografu, kipimo cha kaboni dayoksaidi ya pumzi? Shika kopo la chokaa ya soda, inayonyonya kaboni dayoksaidi kwenye mashine ya usingizi: likiwa la moto isivyo kawaida, na viungo vya mtoto vimekakamaa, chukulia ni yenyewe.

3. Funga dawa ya kuvuta, ita msaada. Oksijeni asilimia 100, lita 10 au zaidi kwa dakika, mpumulishe mara mbili hadi tatu ya kawaida. Usipoteze muda kubadilisha mashine. Endelea na usingizi wa mshipani, na mwambie daktari wa upasuaji amalize haraka au asimame.

4. Toa dantroleni, dawa ya kutibu hali hii: miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mshipani. Hapa ndipo muda unapopotea. Chupa ya kawaida ina miligramu 20 tu, na unga wake huyeyushwa kwa mililita 60 za maji ya sindano, si saline (maji ya chumvi). Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 50: chupa mbili na nusu, mililita 150. Wape watu wawili kazi hiyo peke yake, watikise hadi dawa iwe angavu. Rudia dozi hadi kaboni dayoksaidi ishuke na misuli ilegee.

Kama hospitali yako haina dawa hii, ulizia leo ni hospitali gani ya jirani inayo, na namba ya simu ibandikwe ukutani.

5. Poza, linda moyo na figo. Joto likizidi 39, tumia barafu na drip baridi; simama likifika 38. Potasiamu ikipanda, toa kalsiamu, kisha insulini pamoja na glukosi. Usimpe verapamili, dawa ya moyo, pamoja na dantroleni. Weka katheta: mkojo mweusi kama soda ya kola unaonyesha misuli inavunjika, ongeza maji.

6. Mlaze ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) angalau saa 24, kwa sababu hali hurudi. Kabla ya kuruhusiwa, waandikie wazazi barua yenye jina la tatizo na dawa zilizokatazwa. Mzazi mwenye kasoro huirithisha nusu kwa nusu kwa kila mtoto, kwa hiyo barua iwataje na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa.