Kugawa kingatiba ya trakoma kwenye maboma: somo kwa wagawa dawa

Wenzangu wa Longido na Ngorongoro, na yeyote atakayeshika fito ya kupimia kimo mara hii, utaratibu wa kugawa dawa ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, ni huu.

Kwanza, orodha. Pita boma kwa boma na mwenyekiti wa kitongoji, andika kila anayelala pale. Tunalenga angalau asilimia 80 ya watu wote, na wanaotuponyoka ni vijana wa mifugo. Wafuate jioni ng'ombe wakirudi.

Pili, kimo. Dozi inasomwa kwenye fito, usikadirie. Avue makubazi, visigino vikanyage chini, atazame mbele. Watoto hupenda kujinyanyua waonekane wakubwa. Ukiwaachia, dozi inazidi. Mtu mzima kwa kawaida humeza vidonge vinne vya azithromaisini vya miligramu 250, kwa mkupuo.

Tatu, ameze ukimwona. Usiache vidonge "vya baba akirudi". Watoto wadogo wapewe dawa ya maji, wakiwa wameketi wima. Akilia, subiri. Kumbana pua mtoto ili ameze ni marufuku: akipaliwa anaweza kufa, na hakuna asilimia 80 inayolipia hilo. Uliza pia kama kuna aliyewahi kudhurika na dawa hii, huyo usimpe.

Wa chini ya miezi sita hupewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, asubuhi na jioni kwa wiki sita. Mwonyeshe mama namna ya kuvuta kope la chini.

Kisha jaza rejesta palepale.

MASWALI

— Mwalimu, wajawazito je?
Wanameza.

— Mzee mmoja amegoma, anasema macho yake mazima.
Mwambie vimelea hukaa hata kwa asiye na dalili, vikahama kwa vidole, shuka na nzi. Tukitibu wagonjwa peke yao, wajukuu wataambukizwa upya. Akigoma bado, mwite laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamasai.

— Bibi yetu kope zimegeukia ndani. Vidonge vitamtosha?
Ameze kama wengine, ila kope haitarudi kwa dawa; anahitaji upasuaji mdogo. Kuzing'oa kwa kibano ni nafuu ya muda, zikiota zinakwaruza tena. Peleka jina lake zahanati leo, dada.

— Tutameza mpaka lini?
Mpaka upimaji uonyeshe trakoma hai (dalili za ugonjwa unaoendelea) iko chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9. Nyuso zisiponawishwa, mtameza sana.