Kununua maembe ya genge msimu wa joto

Genge langu la matunda liko Tabata, Dar es Salaam. Maembe nachukua soko la Ilala, mananasi nayafuata Temeke Stereo. Haya naandika kwa mwenye mtaji wa tenga moja au mawili. Wa kushusha fuso zima ana hesabu zake.

Kuanzia Novemba mpaka Februari maembe yanamwagika Dar es Salaam, na bei ikishuka watu wanabeba mpaka yanawaozea. Kabla ya kuuliza bei, jua utauza kwa siku ngapi. Mimi nachanganya: machache yaliyoiva ya leo, mengi yaliyoanza kulainika ya kesho na keshokutwa, na yaliyokomaa ila bado magumu nayavundika mwenyewe. Muuzaji mmoja akiwa hana aina zote, nunua kwa wawili.

Fika saa kumi na moja alfajiri, magari yakishusha. Saa tatu utapunguziwa, sikatai, lakini wenzio wameshachagua. Uliza mzigo umetoka wapi na umeingia lini. Embe la Mkuranga limesafiri saa chache. La Tabora limekuja zaidi ya kilomita 800 limebanwa garini, kwa hiyo hilo usilihesabie siku tatu za kukaa gengeni.

Sasa tenga. Juu hupangwa makubwa ya kuvutia, kila mtu anajua. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nione ya katikati." Akigoma, mshukuru usogee kwa jirani, msigombane, kesho utamhitaji. Ukiruhusiwa, penyeza mkono pembeni utoe mawili matatu. Embe lililokomaa mabega yamejaa, yamepanda juu ya kikonyo. Lenye mabega yaliyoteremka ni changa. Utalivundika litasinyaa tu. Rangi isikuhadae: dodo linaweza kubaki na ukijani na ndani limeiva. Nusa karibu na kikonyo. Njano tupu kote, harufu hamna, na likikatwa ni chachu kwenye kokwa? Hilo nashuku limelazimishwa kwa dawa, silichukui hata kwa mkopo.

Tafuta pia vitobo vidogo kama vya sindano, hasa Januari kwenda mbele. Bwana shamba mmoja alinieleza ni nzi wa matunda wa kigeni, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akasambaa huku kwetu pia. Anataga ndani ya tunda, na funza mteja wako atamwona kabla yako. Michubuko nayo ni ya kuangalia: embe lililotikiswa likaanguka linaonekana zima leo, kesho lina doa jeusi.

Kuvundika hakutaki ufundi. Panga kwenye boksi, kikonyo chini, gazeti kati ya safu, tia ndizi mbivu mbili, funika, weka kivulini. Kagua kila asubuhi, toa linaloanza kuoza mara moja. Usifunge kwenye nailoni, yatatoa jasho.

Nyanya kwenye joto hili chukua zilizoshika wekundu nusu, na tazama chini ya kasha: pakiwa pamelowa, ndani kuna uji. Nanasi la Kiwangwa nanusa kitako, nalibeba mkononi kusikia uzito. Mambo ya kuchomoa jani la katikati siyaamini, nimeona yanachomoka na tunda bado kali.

Kubeba, bodaboda ni nafuu lakini mtikisiko wake utaulipia kwa michubuko. Tafuteni wenye magenge watatu mchangie kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, matenga yakae chini, pasipandishwe gunia la viazi juu yake.

Plamu za Lushoto zikiingia, mwisho wa mwaka, nunua kidogo kidogo, wateja wake si wengi mtaani kwetu. Ule ungaunga mweupe kwenye ganda usiufute. Wengine wanazisugua zing'ae, kumbe ungaunga huo ndio unaomwonyesha mnunuzi kwamba hazijashikwashikwa.