Kuchagua na kufunga kamshafti mpya kwenye injini ya turbo

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani yake, ya gari linalopanda vilima vyetu hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kujaza silinda hewa ileile, na hilo ndilo liongoze uchaguzi wa kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu.

Wengi hununua kamshafti ya mashindano iliyotengenezewa injini isiyo na turbo, ambayo huziacha valvu za hewa na za moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kwenye turbo ndogo ya kiwandani, shinikizo la moshi kabla ya turbo huweza kulizidi lile la hewa inayoingia. Hapo moshi hurudi ndani ya silinda, hewa safi hupungua na joto hupanda. Kwa hiyo pima kwanza: unganisha geji na bomba la moshi kabla ya turbo kwa kipande kirefu cha mrija wa chuma kilichoviringwa, ili moshi upoe kabla ya kuifikia geji. Shinikizo la moshi likilizidi la hewa kwa mbali, fedha yako itumie kwa turbo kubwa zaidi, maana kamshafti haitakusaidia. Yakikaribiana, chagua kamshafti inayoinua valvu juu zaidi bila kurefusha sana muda wa kufunguka, yenye nyuzi 112 hadi 116 kati ya kilele cha nundu ya hewa na cha nundu ya moshi. Kwa anayepanda mtaa wa Kadutu hapa Bukavu kila siku sishauri zaidi ya hapo, kwa sababu muda mrefu huiondoa nguvu chini na kuipeleka kwenye mizunguko ya juu.

Springi za valvu zilingane na kamshafti mpya. Kabla ya kufunga kichwa cha injini kwa mara ya mwisho, bandika udongo laini wa kuchezea juu ya pistoni, kifunge kichwa kwa muda, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha ukifungue, ukate udongo kwa wembe na kuupima pale valvu zilipoukandamiza: unene wake usiwe chini ya milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi. Ukihisi kizuizi unapozungusha, simama, usilazimishe.

Paka nundu grisi ya kufungia injini, kaza vifuniko kidogo kidogo kutoka katikati, kisha kompyuta ya injini ipangwe upya kabla ya kuipa turbo shinikizo kamili.