Presha ya mtungi wa nitrasi kwenye joto la Maskati: hatua ninazozifuata

Miongozo mingi ya nitrasi, ile gesi inayoingizwa kwenye injini ya gari la mbio ili kuongeza nguvu, imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na jambo la kwanza wanalokuambia ni ununue kipashio cha mtungi. Mimi natengeneza magari ya mbio hapa Maskati. Mwezi wa Juni joto linapita nyuzi 40 kivulini, na kazi yangu kubwa ni kuupoza mtungi. Nanyi wa Mombasa na Dar mnaoacha gari juani siku nzima ya mashindano, mengi humu yanawahusu.

Hatua ya 1: Elewa geji inasoma nini

Nitrasi imekaa mtungini kama gesi ya jikoni: chini kimiminika, juu mvuke. Presha unayoiona ni ya ule mvuke, nayo inafuata joto. Nyuzi 20 utasoma karibu psi 735 (psi ni kipimo cha presha), nyuzi 30 karibu 900. Mtungi uliojaa na ulio nusu husoma sawasawa madhali kimiminika kingalimo, kwa hiyo usiiulize geji imebaki kiasi gani. Hilo iulize mizani.

Mambo hugeuka kwenye nyuzi 36.4, presha ikiwa karibu 1,050. Juu ya hapo hakuna tena kimiminika wala mvuke. Vyote vinakuwa kitu kimoja kisicho hiki wala kile. Mtungi uliojaa presha yake inapanda mbio, ulio nusu inapanda polepole. Ule uliojaa utasukuma nitrasi nyingi kuliko ulivyopanga, na ule wa nusu unaweza kutoa pungufu hata kama geji inaonyesha namba kubwa.

Nililipia somo hili kwa pistoni. Tulijaza mtungi asubuhi, gari likakaa juani buti limefungwa, na zamu yetu ilipofika geji ilisoma 1,400. Nikajiambia presha zaidi, nguvu zaidi. Petroli ilikuwa bado imepimwa kwa presha ya psi 950, nitrasi ikaizidi, injini ikagonga mara mbili tatu ikanyamaza. Tulipoifungua, kuta za pistoni baina ya ringi zilikuwa vipande.

Hatua ya 2: Kagua mtungi kabla ya kuujaza

Soma muhuri uliogongwa begani. Mtungi wa alumini wa Kimarekani huandikwa DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) na 3AL1800, yaani presha ya kazi ni psi 1,800, na unatakiwa kupimwa upya kwa maji kila baada ya miaka 5. Uliopita tarehe, au wenye mkwaruzo wa kina, au uliowahi kuungua, usijazwe.

Kwenye vali kuna kisahani cha usalama, kile kinachopasuka presha ikizidi mno. Usikibadilishe kwa kipande cha kuokoteza. Kama mtungi umo ndani ya gari, funga bomba la kutolea hewa nje kutoka kwenye kisahani hicho. Kikipasuka ndani, dereva atazungukwa na wingu jeupe asione mbele, na hewa ya kuvuta itakuwa imesukumwa nje.

Mwambie anayekujazia apime kwa mizani. Mtungi wa ratili 10 unabeba kilo 4.5 za nitrasi, basi. Ile nafasi ya juu inayobaki ndiyo kimiminika hutanukia. Ikijazwa, joto kidogo tu linapandisha presha vibaya.

Hatua ya 3: Chagua namba moja

Mimi nalenga 900 hadi 950. Soma karatasi ya maelekezo ya seti yako ya nitrasi, kwani baadhi ya watengenezaji wanataka zaidi, kisha chagua jeti za petroli (vile vitundu vinavyopima petroli inayoingia) kwa namba hiyo na usiiache. Kwa hesabu ya haraka, kutoka 900 kwenda 1,050 nitrasi inaongezeka kama asilimia 8, na petroli haijui. Ukishuka hadi 700, petroli inazidi: gari linatoa moshi mweusi na kuwa zito, lakini injini utarudi nayo nyumbani.

Hatua ya 4: Poza

Mtungi wangu haukai garini mpaka zamu ikaribie. Unakaa kwenye sanduku la kupozea samaki, ndani ya maji yenye barafu kidogo, vali ikiwa juu ya maji. Utoe mapema, uufute ukauke, uufunge, uuvalishe koti la kuzuia joto, halafu uangalie geji ikipanda yenyewe. Ukiupoza mno usihangaike. Jua la hapa litakurudishia baada ya muda mfupi.

Taulo la maji hufanya kazi bara kwenye upepo mkavu. Pwani, hewa yenyewe imelowa, na taulo linakuwa pambo tu.

Ikiwa uko kwenye foleni na geji imefika 1,000, puliza kidogo kwa vali ya kupulizia, yaani toa nitrasi kidogo hewani. Kimiminika kinachochemka ndani kinajipoza na presha inashuka. Ila unachoma pesa.

Hatua ya 5: Pasha, kwa blanketi peke yake

Asubuhi ya Januari tunaweza kuanzia kwenye 700. Tumia blanketi la umeme lenye swichi ya presha inayokata kwenye 950, lipite kwenye rilei na fyuzi, lizimike ufunguo ukizimwa. Usiondoke likiwa linawaka.

Moto wa gesi kwenye mtungi, kamwe. Alumini inapoungua inapoteza nguvu, na mtungi unaweza kupasuka kabla kile kisahani hakijafanya kazi. NHRA, chama cha mbio za magari cha Marekani, inakataza kupasha mtungi kwa chochote isipokuwa blanketi la dukani lenye themostati.

Hatua ya 6: Fungua na ukimbie

Mtungi wenye mrija wa ndani hulazwa lebo ikitazama juu, upande wa vali umeinuka kidogo na kuelekea mbele ya gari, ili mwendo ukusanye kimiminika nyuma mrija unakonyonya. Usipake oili wala grisi kwenye viungio. Nitrasi hulisha moto. Fungua vali taratibu hadi mwisho, puliza bomba hadi ukungu mweupe utoke, soma geji mara ya mwisho. Ikiwa nje ya 900 na 950, mimi naacha swichi ya nitrasi imezimwa na kukimbia kwa injini tupu.

Hatua ya 7: Ukimaliza

Funga vali ya mtungi, toa nitrasi iliyobaki kwenye bomba ukiwa uwanjani penye hewa, na vaa glavu kabla ya kufungua kiungio, kwa sababu inagandisha ngozi. Pima uzito, uandike kwa kalamu kwenye lebo. Ikibaki chini ya robo, presha haishiki mbio nzima; kajaze. Kisha utoe mtungi kwenye buti uende nao kivulini, hata kama nyumbani ni dakika kumi na umechoka.